Mpiga Debe wa Kiamaiko na Mwanamikakati wa Hotelini

Anayefika Kiamaiko alfajiri hupokewa na milio ya mbuzi kabla hajaziona nyumba vizuri. Mbuzi hao hushushwa kwenye malori yaliyosafiri usiku toka Marsabit, Moyale na Isiolo, wakaingizwa katika vichinjio vilivyobanana kando ya Huruma, na kabla jua halijakaza, nyama imekwisha kupelekwa kwenye bucha na hoteli za Nairobi. Baina ya mfanyabiashara aliyewaleta na mchinjaji anayewataka husimama dalali. Dalali hana mbuzi wala kisu. Mtaji wake ni ulimi: anaijua bei itakayotajwa kwa Kiborana, ikapunguzwa kwa Kisomali, na hatimaye ikafungwa kwa Kiswahili, maana sokoni hapo Mborana, Msomali, Mkikuyu, Mkamba na Mjaluo hawana lugha nyingine ya kuwakutanisha wote.

Kila baada ya miaka mitano mtaa huo hupata madalali wa namna nyingine. Kiamaiko ni mojawapo ya wadi 85 za Nairobi, na tangu uchaguzi wa 2013, uliokuwa wa kwanza chini ya katiba ya 2010, mpigakura wake hupewa karatasi sita kwa mkupuo. Wagombea wameongezeka, na kazi ya kuwauza imeongezeka vilevile. Wanaoifanya kazi hiyo hotelini huitwa wanamikakati; wanaoifanya vichochoroni huitwa wapiga debe. Ukweli ni kwamba hiyo ni kazi moja, kiini chake ni lugha, na wataalamu wa Kiswahili wamewaachia watu wa sayansi ya siasa jambo lililo lao.

Mwanamikakati wa hotelini anajulikana. Mnamo Novemba 2007 Dick Morris, aliyekuwa mshauri wa Rais Bill Clinton wa Marekani, alitua Nairobi kukisaidia chama cha ODM, akazua mzozo kuhusu kibali cha kufanyia kazi, akaondoka upesi. Siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, Mmarekani na Mkanada waliokuwa wakiushauri muungano wa NASA walikamatwa wakafukuzwa nchini. Na Machi 2018, televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha mkurugenzi mmoja wa kampuni ya Cambridge Analytica, aliyerekodiwa bila kujua, akijigamba kwamba wao ndio waliokiunda upya chama kilichotawala Kenya, wakakiandikia ilani na hotuba. Huenda alitia chumvi. Muuzaji husifu mali yake. Hata hivyo majigambo hayo yanazua swali ambalo haelekei kuulizwa: hotuba hizo ziliandikwa kwa lugha gani, na ni nani aliyezifikisha Kiamaiko?

Hapa ndipo mwanafunzi wa isimu angepaswa kukaza macho. Yaliyowasisimua wapigakura wa Kenya katika karne hii aghalabu hayakutafsiriwa kutoka popote. Tarehe 14 Oktoba 2002, katika bustani ya Uhuru, Raila Odinga alitamka maneno mawili: "Kibaki tosha." Mwalimu wa sarufi angeyatia kalamu nyekundu. Kitenzi hakina kiambishi cha nafsi wala cha njeo. Kilichotarajiwa ni "anatosha". Lakini "anatosha" ni maelezo yanayoweza kubishiwa, ilhali "tosha" tupu imekaa kama muhuri. Upinzani uliokuwa umegawanyika ulipata mgombea mmoja, na Desemba mwaka huo KANU ikaondoka madarakani baada ya takriban miaka 39.

Mwaka wa 2007 kambi ya Rais Kibaki ilikuja na "Kazi iendelee". Dhamiri tegemezi hiyo ina ujanja wake: anayetaka kuipinga hulazimika kwanza kukana kwamba kazi imeanza. Mwaka wa 2022 mambo yalinoga zaidi. Muungano wa Azimio ulisema "Inawezekana". UDA, chenye nembo ya wilbaro, kikasema "Kazi ni kazi". Katika kauli ya kwanza mtenda amepotea kabisa. Kiambishi i- hakina nomino ya kukishika, na msikilizaji anaachwa akijiuliza ni nini kinachowezekana na ni nani atakayekiwezesha. Kauli ya pili kimantiki haina habari yoyote, kwa kuwa kiarifu chake kinarudia kiima. Lakini kwa kijana anayesukuma mkokoteni wa ngozi kutoka kichinjioni, kauli hiyo inasema kwamba jasho lake halina aibu. Si busara kuipa sarufi sifa isiyo yake. Ukabila, fedha na miungano ya vigogo huamua mengi. Ila kati ya kauli hizo mbili, moja ilikuwa na mahali pa kusimama sokoni Kiamaiko na nyingine ilihitaji jukwaa.

Kumbe basi anayekamilisha mkakati ni mpiga debe. Jina lenyewe ni la kejeli, kwani debe tupu haliachi kuvuma, na waliombandika walijua walichokuwa wakisema. Hana mkataba. Hulipwa kwa siku, mara nyingine kwa ahadi. Anaambiwa ajenda kwa Kiingereza cha makaratasi, naye akiwa njiani kutoka mkutanoni huigeuza Kiswahili cha mtaa, akapunguza hapa, akatia utani pale, akakumbuka kwamba msemo unaochekesha upande wa Huruma unaweza kutukana upande wa wafugaji. Kitendo hicho ni tafsiri, tena tafsiri ngumu kuliko ile inayofundishwa kwa vifungu vya magazeti. Kura zikishahesabiwa, mwanamikakati huongeza ushindi kwenye wasifu wake. Mpiga debe hurudi kutafuta kibarua.

Tena ni yeye anayebaki na maneno yakigeuka. Tume ya Waki iliyochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007 ilihesabu vifo 1,133, na mitaa ya Mathare na Huruma ilikuwa miongoni mwa iliyoungua. Agosti 2017, katika fujo za baada ya kura, risasi ilimuua msichana mdogo aliyekuwa kwenye roshani ya nyumba yao Mathare Kaskazini, mwendo mfupi kutoka Kiamaiko. Umri wa kupiga kura ulikuwa mbali naye. Washauri wa kigeni wakati huo walikuwa wamekwisha kupanda ndege.

Aprili 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa orodha ya maneno ya chuki yasiyofaa kutamkwa kampenini. Humo mlikuwamo "madoadoa", "kwekwe" na "mende", maneno ambayo kila kamusi inayaeleza bila kutetemeka. Mlikuwamo pia "chunga kura". Kitenzi na nomino, vyote safi! Tume haikukosea kuogopa. Mwezi Januari seneta mmoja alikuwa amekamatwa kwa kulitamka neno "madoadoa" mjini Eldoret, na wakazi wa Bonde la Ufa hawakuhitaji kufafanuliwa. Lakini orodha haiwezi kueleza ni lini kuchunga ni kulinda na ni lini ni kuvamia. Hilo ni suala la pragmatiki, na wanaolifundisha wako katika idara za Kiswahili, wakiwapa wanafunzi mada za tasnifu juu ya riwaya zilezile zilizokwisha kuchambuliwa mara kumi.

Riwaya hazina hatia. Hata hivyo hakuna kinachomzuia mwanafunzi wa shahada ya pili kuchukua kinasa sauti, akawaomba ruhusa wapiga debe wa wadi moja tu, akafuatilia kauli moja tangu inapotoka kwenye karatasi ya makao makuu ya chama hadi inapotamkwa mbele ya vichinjio. Katika safari hiyo ataona neno lipi limeangushwa, lipi limeongezwa chumvi, na lipi mpiga debe mwenyewe amekataa kulitamka kwa kuwa analala mtaa huohuo. Uchaguzi mkuu ujao umepangwa kufanyika Agosti 2027. Wanamikakati huanza kukusanya data yao mapema zaidi ya hapo.