MITI YA RUNGWE NI YA NANI?

Mgeni akifika Tukuyu, neno lake la kwanza ni kijani. Si ajabu. Sehemu nyingi za wilaya yetu hupata mvua ipitayo milimita 2,000 kwa mwaka. Lakini anayedhani kijani hiki ni kazi ya mvua peke yake hakuwatazama watu. Mwaka 1879 Joseph Thomson, msafiri Mskoti, alipita katika nchi ya Wanyakyusa akastaajabu kuona nyumba nadhifu ndani ya migomba na viwanja vilivyofagiwa chini ya vivuli. Alikuta watu wamejenga vijiji ndani ya miti.

Kwa wazee wetu mti ulikuwa na heshima hata katika utawala. Vijana wa rika jipya walipokabidhiwa nchi, miti ilipandwa iwe alama yake. Na kichaka cha Lubaga, mahali pa matambiko ya Lwembe, hakikuguswa kwa shoka. Wako watakaosema huo ni ushirikina. Haya, na uwe ushirikina. Lakini ulilinda miti kuliko mabango mengi tuyaonayo leo.

Waliokuja kututawala nao walipenda miti, tusiwasingizie. Wajerumani walianzisha bustani ya mimea Dar es Salaam mwaka 1893, na mwaka 1904 chai ikapandwa Kyimbila, jirani na Tukuyu. Ila walipenda kwa namna yao. Bustani ile ilikuwa ya kujaribia mazao ya biashara. Baadaye, wakati wa Waingereza, Uzunguni kulikuwa na viwanja vipana na vivuli, mitaa ya Waafrika ikabanwa, na Mnazi Mmoja pakaachwa wazi ili watu watengwe na watu. Kijani kikafanywa ua. Huku milimani mipaka ikachorwa, mwenyeji akaambiwa msitu ni mali ya Serikali, akiingia bila ruhusa ni mwizi. Hivyo mtu aliyezaliwa ndani ya miti akafundishwa kuwa mti una bwana wake, naye si yeye. Fundisho hilo halikuteremshwa pamoja na bendera mwaka 1961.

Hata wataalamu hulisahau jambo hili. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba nyani mpya amegunduliwa katika misitu ya Rungwe. Mpya kwa nani? Wawindaji wa Kinyakyusa walikwisha kumwita kipunji, na ndilo jina alilobaki nalo. Mlima wenyewe ukafanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 2009. Twaunga mkono, ila hifadhi isiyo na jirani anayeiona kuwa yake italindwa kwa bunduki tu, na bunduki hulala.

Hatari iliyo karibu zaidi iko mashambani mwetu wenyewe. Milingoti imepandwa hadi kwenye chemchemi. Hatumlaumu mkulima kwa kutafuta fedha: mti huo hukua upesi, hutoa nguzo na kuni, na viwanda vya chai vyahitaji kuni. Lakini hunywa maji mengi, na kijito kikikauka wa kwanza kutembea mbali na ndoo ni mama zetu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli zinazoweza kuharibu kingo za mto ndani ya mita 60. Ni matawi mangapi yamewahi kuisoma mkutanoni?

Twataka basi kila tawi lihesabu chemchemi za kata yake, likae na wenye mashamba, wakubaliane milingoti ihamishiwe kwenye miteremko mikavu na mikuyu irudi majini. Mwenye shamba asaidiwe miche ya parachichi, asipoteze riziki. Madiwani nao waulizwe hadharani juu ya kila uwanja wa wazi wa mji wa Tukuyu: umepimwa? Umeandikwa kwa jina la nani? Majibu yaletwe kwetu, tutayachapa.