Futeni msimbo, msifute maelezo

Leo nina ugomvi na neno moja tunalolipenda sana sisi waandishi wa programu: usafi. Kuna desturi imeingia katika miradi ya programu huria, hasa ile inayotengeneza programu dhibiti, yaani zile programu zinazokaa ndani ya ruta, vipimo na mashine ndogondogo na kuziendesha. Kifaa kikizeeka, mtu anapendekeza kurasa zake zifutwe. Anaandika mstari mmoja, "maelezo yamepitwa na wakati", wenzake wawili wanakubali, na kazi ya kujitolea ya miaka mingi inatoweka kabla ya chakula cha mchana. Desturi hii ni mbaya, na inawaumiza zaidi watu wa sehemu kama huku kwetu, Diani, Ukunda na Msambweni, ambako kifaa hakifi kwa sababu kiwanda kimekisahau.

Tuanze kwa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Ukurasa wa maelezo una maagizo: pakua toleo hili, andika amri ile. Hayo yanaoza, na yakioza yatolewe. Lakini ukurasa huo huo una habari za kifaa chenyewe: chipu gani, kumbukumbu kiasi gani, pini ipi inatuma na ipi inapokea, volti ngapi. Hizo haziozi. Ruta ya mwaka 2005 ambayo pini zake za kuongea na kompyuta zilikuwa za volti 3.3, leo ni za volti 3.3 zile zile. Fundi asiyelijua hilo akaziunganisha moja kwa moja na tundu la RS-232 la kompyuta ya zamani, ataiunguza bodi. Sasa niambieni, habari hiyo imepitwa na wakati gani?

Chukueni mfano wa Linksys WRT54G, ruta ambayo msimbo wake uliwekwa wazi mwaka 2003 kwa sababu ya leseni ya GPL, na ambayo ndiyo iliyozaa mradi wa OpenWrt mwaka 2004. Toleo la 4 lilikuwa na MB 4 za hifadhi na MB 16 za kumbukumbu. Mwishoni mwa 2005 likaja toleo la 5: jina lile lile, sura ile ile, lakini ndani hifadhi imepunguzwa hadi MB 2, kumbukumbu MB 8, na Linux imeondolewa ikawekwa VxWorks. Aliyenunua ruta ya mitumba angezijuaje tofauti hizo kama si kurasa zilizoandikwa na watu, toleo kwa toleo? Kwenye kasha hazikuandikwa.

Mnaodhani ukongwe wa maelezo ni aibu, njooni Kwale mjifunze kwa bomba la maji. Kuanzia mwaka 1983, katika mradi wa UNDP na Benki ya Dunia, pampu za mkono zilijaribiwa hapa pwani ya kusini, huku shirika la KWAHO likifanya kazi na wanakijiji, wakiwemo akina mama waliofundishwa kuzitunza pampu wenyewe. Katika kazi hiyo ndiyo ilikamilika pampu ya Afridev, ambayo leo imetapakaa katika nchi nyingi. Siri yake ni mbili. Ya kwanza, iliundwa ili ifunguliwe kwa spana moja. Ya pili, michoro yake haikufungiwa na kampuni yoyote: ni mali ya umma, na shirika la Uswisi liitwalo Skat limekuwa likiitunza na kuichapisha, kila marekebisho na nambari yake. Rekebisho la 5 ni la mwaka 2007. Hiyo, jamani, ni maunzi huria kabla ya watu kulijua jina hilo. Karakana yoyote inaweza kuchonga kipuri kwa sababu kipimo kimeandikwa na hakikufutwa.

Na maji hayo hayo yameshakutana na kazi yetu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza kifaa kinachokaa ndani ya mpini wa pampu, kinahesabu mipigo yake na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu, ili pampu ikinyamaza fundi ajue. Kilijaribiwa Kitui, kikatumika na Kwale. Vifaa vya namna hiyo navyo vitazeeka. Je, vitazeeka kama Afridev, yenye daftari lake, au kama ruta iliyofutiwa ukurasa?

Najua jibu la watetezi wa usafi. La kwanza: usalama. Kweli, ruta kuukuu ni hatari. Mwezi Mei 2025 FBI ya Marekani ilionya kwamba wahalifu wanazivamia ruta zilizoachwa na viwanda, zikiwemo Linksys kadhaa. Lakini onyo linakaa wapi kama ukurasa haupo? Ukiufuta, mwenye kifaa hatakitupa baharini. Ataenda kwenye tovuti ya ovyo iliyonakili maagizo ya zamani bila onyo lolote. OpenWrt walifanya uungwana: vifaa vya MB 4 za hifadhi na MB 32 za kumbukumbu viliishia kwenye toleo la 19.07, msaada ukakoma mwaka 2022, lakini kurasa zake zikabaki na onyo wazi. Hivyo ndivyo watu wazima wanavyofanya.

La pili: "Git inakumbuka kila kitu." Inamkumbukia nani? Fundi wa Ukunda anatafuta kwa simu, kwa bando la siku moja. Hawezi kupakua historia nzima ya mradi ili achimbue ukurasa uliofutwa miaka sita iliyopita, tena bila kujua kwamba uliwahi kuwepo. Kitu kisichotafutika ni kama hakipo.

La tatu: "Hatuna watu wa kutunza." Hapo nakubaliana nanyi kuhusu msimbo. Msimbo unahitaji kujengwa na kupimwa kila toleo. Linux yenyewe iliondoa msaada wa aina nane za vichakata kwa mkupuo mwaka 2018, na sikulalamika. Lakini orodha ya pini haihitaji kupimwa kila mwezi. Inahitaji kuachwa ilipo tu.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasimamizi wa miradi ni dogo. Toeni maagizo yaliyooza. Bakizeni habari za maunzi, kila toleo la bodi na nambari yake. Juu kabisa wekeni tarehe, toleo la mwisho lililofanya kazi, na onyo kwa herufi nene. Ni kazi ya nusu saa.

Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ninyi daftari mnalo mkononi, limeshaandikwa, na wala hamkuliandika peke yenu. Mnalichania nini?