Kifaransa kwa Kiingereza? Mie sikubali

Nimekaa Forodhani, Kifaransa kimenitoa jasho. Leo nimesema "petit" nikaitamka t ya mwisho, darasa zima likacheka. Kumbe t husikika kwenye "petite", ya kike.

Ila nna neno. Kwa nini tufundishwe Kifaransa kwa Kiingereza? Mwenzetu mmoja keshaacha somo, Kiingereza chenyewe kinampiga chenga. Na r yao ya kooni ni jirani na gh ya "ghali" na "lugha", tunayo tangu utotoni. Hizo le na la zinazotutisha? Mbona twasema kiti kizuri, meza nzuri bila kufikiri! Ni ngeli tu, tena mbili.

Nikiwa mwalimu ntaanzia hapo, kwa Kiswahili. Nyie mwaonaje?