Risala ya Watumiaji wa Chumba cha Kusomea na Familia Zilizokabidhi Karatasi, Kuhusu Vipande vya Magazeti





Tunaosema kupitia risala hii ni wa aina mbili: watafiti wanaoshinda kwenye meza hizi, na watoto na wajukuu wa watu ambao karatasi zao zimo kwenye ghala la kituo hiki cha nyaraka, nyuma ya ukuta huu. Siku nyingine tunagombania soketi ya umeme. Kwa hili tumekuwa kitu kimoja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi na uongozi wa kituo, vipande vya magazeti vinang'olewa ndani ya majalada na kutupwa. Kila tukiuliza tunaambiwa gazeti lenyewe lipo maktaba, ya nini kujaza makasha karatasi chakavu? Ingekuwa kweli tungenyamaza. Anayetaka kusoma Ngurumo tangu lilipoanza 1959, au Mwafrika la miaka ya kupigania uhuru, na aombe mfululizo mzima halafu aje atusimulie. Sisi tumejaribu: hapa miezi inakosekana, pale ukurasa umekatwa kwa wembe. Hayo yalikuwa magazeti ya kusomwa na watu kumi, kisha yakafungiwa vitumbua.

Na hata yangekuwapo yote, kipande ndani ya jalada kina kazi yake. Mmoja wetu alikabidhi jalada la chama cha msingi cha wakulima wa pamba, lililokaa uvunguni kwa katibu wake tangu vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa 1976. Humo mlikuwa na habari ya bei mpya ya pamba. Pembeni katibu alikuwa amepiga hesabu kwa penseli: bei ya gazetini, toa ushuru, toa usafiri, na chini kabisa senti zilizombakia mkulima kwa kilo, zimepigiwa mstari mara mbili. Kipande hicho kilibanwa kwa pini kwenye barua ya malalamiko ya chama. Mwaka huu mwenzetu aliliomba jalada alisome tena. Barua ipo, na inasema "kama inavyoonekana kwenye kiambatisho". Kiambatisho hakipo. Alipouliza, alijibiwa kwamba lilikuwa gazeti tu.

Hatusemi watumishi ni wazembe. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa. Ina asidi, hugeuka manjano, humeguka, na huacha doa kwenye barua iliyolala juu yake. Pini hushika kutu upesi kwa hewa yetu ya pwani, na selotepu, ambayo wazee wetu waliipenda mno, hukauka ikaacha ukanda wa kahawia usiotoka. Mtunzaji anayekitenga kipande ana sababu. Tunachopinga ni jalala. Utaratibu unajulikana: nakala ipigwe kwenye karatasi isiyo na asidi na kuwekwa palepale kilipokuwa kipande, nacho kiingizwe kwenye bahasha yake yenye namba ya jalada. Mashine ya skani mnayo. Iko kwenye boksi lake, chini ya kaunta.

Lipo na jambo la muhuri. Yako majalada tunayonyimwa kwa kuwa yamegongwa SIRI, wakati orodha ya kituo chenyewe inaonyesha ndani ni vipande vya magazeti. Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka ya 2002 imeweka miaka 30 kuwa muda wa kumbukumbu za umma kufunguliwa kwa wasomaji. Habari iliyotangazwa na wauza magazeti barabarani mwaka 1965 imegeuka siri lini?

Karatasi za Fabian Colonial Bureau, ofisi ya Uingereza iliyokuwa ikiandikiana na viongozi wa TANU, zimetunzwa Oxford pamoja na vipande vyake vya magazeti. Wenzetu wa Kenya wanazo za Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais 1966, na Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale Nairobi inajivunia mkusanyiko huo. Sisi tunaombwa tuwe na subira.

Tunadai utupaji usimame leo, kuanzia na marobota ya vipande yaliyoko kwenye korido ya nyuma, nayo yahamishwe, maana paa la pale linavuja na masika yanakaribia. Kila kipande kinachotolewa kiachiwe karatasi mahali pake inayosema ni nini, kimetoka lini na kimepelekwa wapi. Majalada ya SIRI yenye vipande pekee yafunguliwe. Hati za makabidhiano tulizosaini ziongezwe kifungu kwamba kituo hakitaharibu kitu bila kuiita familia. Kama hamkitaki, tupigieni simu, tutakuja na mfuko wetu. Na vipande visivyo na jina la gazeti wala tarehe, tuleteeni tuwaonyeshe wazee wetu. Wapo bado wanaotambua gazeti kwa herufi zake tu, na hawatakuwapo daima.

Familia kadhaa zilizokuwa tayari kuleta masanduku yao zimetutuma tuseme kwamba zinasubiri majibu. Tungependa kuyapata kwa maandishi, yenye sahihi, kabla mvua hazijaanza.