Kufundishia watoto nyumbani: wazazi wasiachiwe mzigo wa serkali

Wazazi wetu, vijana wenzetu wa Kasongo na Kabambare,

Siku hizi neno moja linazunguka mitaani na vijijini: kama mwalimu haji, basi tufundishe watoto sisi wenyewe ku nyumba. Tunaelewa neno hilo linatoka wapi. Mzazi anayelisema si mvivu, amechoka. Mwanzo wa mwaka wa masomo 2024, walimu wa primeri waligoma katika sehemu nyingi za inchi, wakidai mshahara wa kumfaa mtu. Na upande wa Salamabila, kuna miaka risasi ndiyo ilikuwa inafunga kalasi, si direkta. Mama asiyetuma mtoto kwenye njia ya namna hiyo, nani atamlaumu?

Lakini kufundishia mtoto nyumbani kwa siku chache ni kitu kimoja. Kusema kwamba nyumba inaweza kuchukua nafasi ya masomo ni kitu kingine, na hapo sisi vijana hatukubali.

Tulikwisha kuona. Mwezi wa 3 mwaka 2020, masomo yote ya Kongo yalifungwa kwa sababu ya Covid-19. Kalasi za mwisho zilirudia mwezi wa 8, wengine wakangoja mpaka mwezi wa 10. Mwezi wa 12 yakafungwa tena, mpaka mwezi wa 2 mwaka 2021. Tuliambiwa watoto wafuate masomo ku redio. Nani huku kwetu alikuwa na pesa ya betri kila juma? Na redio haioni kama mtoto ameelewa ao analala. Kalasi zilipofunguka, kuna vijana walikuwa wamekwisha kuzoea shimo za dhahabu, franka iko mfukoni. Hawa hawakurudilia kaye tena.

Tuangalie mzazi mwenyewe. Mama anaamka giza, anaenda ku shamba la mpunga ao mihogo, anarudi jioni na kuni kichwani. Halafu tunamwambia ashike toroshi afundishe grameri ya Kifransa, yeye aliyeachia masomo mwaka wa tatu wa primeri. Atafanya nini? Baba naye, mtoto akimuuliza hesabu asiyoijua, anaona haya, na mara nyingi fimbo ndiyo inajibu. Tunaandika hii bila kuwacheka. Wengi wetu tumelelewa hivyo.

Msichana ndiye anapoteza zaidi. Akiwa ku nyumba, kazi haimaliziki: maji, sombe ya kutwanga, mdogo wake mgongoni. Kaye yake inafunguliwa wakati kaka yake amekwisha kulala. Kwenye kalasi, hata kama benchi imevunjika, kuna saa ambazo hakuna mtu wa kumtuma mtoni.

Tena kuna mambo ya karatasi. Familia ikihamia Kindu, direkta wa kule atauliza buletini, hatauliza mama alifundisha nini.

Watu wengine wanatuletea mfano wa Marekani, ambako mamilioni ya watoto wanasomea nyumbani. Ndiyo, ni kweli. Ujerumani sheria inakataza, na hiyo pia ni kweli. Lakini wazazi wale wa Marekani wengi wana vitabu, wana moto wa umeme, wana intaneti, na wakichoka wanarudisha mtoto ku masomo kesho yake. Hapa kwetu, njia ya kurudi ndiyo inakosekana.

Wenye pesa kidogo wanakusanya watoto kumi kwenye uwanja, wanalipa kijana mwenye diploma awafundishe. Kijana anafanya kazi nzuri, tunamshukuru. Lakini pesa hiyo ni minervali iliyorudi kupitia dirisha, kisha tangu mwezi wa 9 mwaka 2019 tuliambiwa primeri ya serkali ni bure. Asiye na pesa hiyo, mtoto wake anakaa tu.

Article 43 ya Katiba inampa mzazi haki ya kuchagua namna ya kumlea na kumfundisha mtoto wake. Article ile ile inasema primeri ni lazima, na ni bure katika masomo ya serkali. Kuchagua kunaanza pale penye vitu viwili. Penye kimoja tu, mzazi hakuchagua, alisukumwa.

Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa elimu wa Kasongo na Kabambare waonyeshe mbele ya watu kalasi ngapi hazina mwalimu, na walimu NU wangapi wanafundisha bila mshahara. Watoto waliosomea nyumbani wapimwe na wapokelewe bila malipo wala matusi, kila mmoja kwenye kalasi inayomfaa.

Wazazi, musiache kuwasomesha jioni. Lakini jina la mtoto libaki ku lisiti ya masomo, na komite ya wazazi iandike kila siku ambayo kalasi imekosa mwalimu: tarehe, kalasi, sababu. Mutupatie kopi. Tutazibeba sisi wenyewe mpaka ku ofisi ya elimu, na tutangoja jibu pale pale mlangoni.