Mwanga umeingia, mwanga ameingia

Jumatatu. Mjukuu wa jirani yangu, wa darasa la tano, kaja na daftari la Kiswahili na sura ya mtu aliyedhulumiwa. Kaulizwa wingi wa mwanga, kaandika "wanga", kalamu nyekundu ikapita juu yake: mianga.

"Shikamoo babu. Kwani wanga hawapo? Bibi anasema wapo, tena wengi."

Nikaitikia marahaba, nikamwambia mwalimu kasema kweli na bibi naye hakusema uongo. Kuna mwanga wa mianga, huu utokao kwenye jua, mwezi na taa. Na kuna mwanga wa wanga, yule anayesemekana kutoka usiku wa manane, uchi wa mnyama, kuchezea kwenye nyua za watu. Maandishi yale yale, matamshi yale yale. Kinachowatenga ni ngeli tu. Ukisikia "mwanga umeingia chumbani", unafunga pazia vizuri pembeni na kushukuru. Ukisikia "mwanga ameingia chumbani", unatafuta mlango. Wanaosema sarufi haina faida mitaani wakalale na sentensi hiyo ya pili.

Mtoto akafikiri kidogo, akauliza: basi vile vyakula vya wanga wanavyofundishwa kwenye sayansi, ugali na mihogo, ni vya nani? Nikamtuma dukani akaninunulie vocha.

*

Jumanne. Swali lake limeniganda. Kamusi huviweka mwanga, nuru na mwangaza mahali pamoja kama wapangaji wa nyumba moja, lakini kila mmoja ana chumba chake. Mzee asiyeona tena amepoteza nuru ya macho. Sijapata kusikia aliyepoteza mwangaza wa macho. Bibi harusi uso wake una nuru. Ukisema una mwanga, watu watadhani kapakwa mafuta mengi. Fundi naye hakwambii dirisha hili litaingiza nuru sebuleni, maana atakuwa anakuuzia msikiti. Husema mwangaza, na kwa sikio langu mwangaza ni mwanga uliokwisha kufika, ukatua juu ya kitu.

Waliofasiri Biblia ya Union waliligawa jambo hili kwa akili. Siku ya kwanza ni nuru. Jua na mwezi, ambavyo haviji mpaka siku ya nne, vikaitwa mianga. Nuru ni kitu chenyewe, mianga ni vyombo vyake. Qurani nayo, katika Surat Yunus, hulipa jua "dhiyaa" na mwezi "nur", maneno mawili tofauti. Sisi katika maongezi yetu tumelichukua lile la mwezi, tukawapa na watoto majina ya ukoo huohuo: Nuru, Munira, Anwar.

Mwanga wenyewe nao una ukoo. Kuna angavu, kuna kuangaza, na anayetafuta funguo huangaza macho huku na huku. Kuna na kiangazi, majira ambayo mbingu haina wingu na shamba halina jani.

*

Jumatano. Umeme umekatika saa mbili usiku, mtaa mzima ukaguna kwa pamoja. Tukatoka barazani, kumbe mwezi mpevu. Jua huuzidi mwezi kama huo kwa mwanga mara 400,000 hivi, na bado tuliona kokoto njiani na nani kavaa kandambili za nani. Mwezi hauna mali yake; hilo lote ni jua lililogonga mwamba likaturudia.

Mbalamwezi husifiwa sana na watu wasiovua dagaa. Mvuvi wa dagaa huwaita samaki kwa taa, zamani karabai, sasa taa za betri na za sola, na taa huita pale tu giza linapokuwa zito. Mwezi ukijaa, maji yote yana taa, samaki hawaoni sababu ya kukusanyika kwako. Ndiyo maana siku za mwezi mkubwa nyavu nyingi hukaa nchi kavu, na bei ya dagaa sokoni hupanda. Kigoma, mji wenye eneo liitwalo Mwanga, kitoweo chake maarufu huvuliwa gizani.

*

Alhamisi. Gazetini nimekutana tena na "mwanga mwishoni mwa handaki". Mara ya tatu mwezi huu. Handaki gani? Wasomaji wengi wa gazeti hilo handaki wanalolijua ni la askari. Lugha ina kucha na kuchwa, kitenzi kimoja na kauli yake ya kutendwa: jua hucha, jua huchwa. Kuchwa huko ndiko kulikotamkwa kutwa, hivyo anayesema "sijala kutwa" anakupimia njaa yake kwa jua. Saa zetu pia huanza kuhesabiwa jua linapotoka. Mwandishi mwenye mali hiyo yote anakwenda kukopa handaki.

*

Ijumaa. Nimeamka mapema kwa ajili ya jambo moja. Masheikhe hutofautisha alfajiri ya uongo na alfajiri ya kweli. Ya kweli hutandaa upande kwa upande kwenye upeo wa macho. Ya uongo huitangulia, husimama wima kama mkia wa mbwamwitu, kisha hufifia. Aliyeiamini hiyo ya kwanza ataswali kabla ya wakati. Wanajimu wanasema huo mkia ni vumbi lililotawanyika kati ya sayari, linapopigwa na jua ambalo sisi bado hatulioni. Uongo wake basi ni wa saa tu, jua lenyewe ni la kweli.

Nikapanda juu ya paa saa kumi na nusu. Mwezi ulikuwa bado juu upande wa magharibi, nao huzima kila kilicho dhaifu, lakini mashariki niliona kabisa weupe umesimama wima. Asubuhi nikamweleza muadhini, kwa furaha. Akaniuliza ni upande gani hasa, nikamwonyesha kwa kidole.

"Pale," akasema, "ni kituo kipya cha mafuta."