Kibuyu cha Karanga Badala ya Bibi Mchawi



Tarehe 31 Oktoba inakaribia, na kwenye simu za vijana wa Kalemela zinapita picha za Halloween: maboga yaliyotobolewa macho, mafuvu ya karatasi, mabakuli ya peremende yenye sura ya bibi kizee wa macho mekundu. Watoto wakiuliza kama nao wanaweza kutengeneza mapambo ya kuwekea vitu vitamu, wapo wanaojibu kwamba huo ni ushetani, basi. Sisi tunaona jibu hilo ni la haraka mno.

Jina Halloween maana yake ni mkesha wa Watakatifu Wote. Ni Papa Gregori IV, katika karne ya 9, aliyehimiza sikukuu ya Novemba 1 ienee. Uingereza ya zamani, maskini waligawiwa mikate midogo siku ya Marehemu Wote ili wawaombee wafu. Waairishi walichonga taa kwa tanipu, mzizi wa shambani unaofanana na kiazi. Walipohamia Marekani wakakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga, wakahamia huko. Kila watu walitumia kilichoota kwao. Chombo kilichopambwa kwa mikono na kujazwa kitu kitamu hakina ugomvi na imani.

Kinachotusumbua ni yule bibi kizee. Marekani ni mzaha. Usukumani si mzaha. Katika Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na wengine "ushahidi" dhidi yao ulikuwa macho mekundu tu, macho yaliyochoshwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe kwa miaka mingi ya kupikia familia. Mtoto akichora uso huo, akaupaka macho rangi nyekundu na kuweka peremende mdomoni, tumemfundisha nini kuhusu jirani yake anayeishi peke yake? Tutaambiwa ni karatasi tu. Lakini hofu huingia kwa picha kabla haijatafuta hoja, na walioshika mapanga nao walikuwa watoto siku moja.

Kwa hiyo tunawaomba makatekista na walezi wa Utoto Mtakatifu wasiwanyime watoto kazi hii, ila wawape sura nyingine. Vibuyu vikavu tunavyo. Kata juu, toa mbegu, kwangua ndani mpaka nyuzi zote ziishe, kisha loweka na kubadilisha maji mara kadhaa, la sivyo uchungu wake utahamia kwenye karanga. Anika. Mtu mzima achore kwa msumari uliopashwa moto, watoto wavishe shanga na kamba ya katani, kila kimoja kikiwa na jina la mtakatifu: Bakhita, Kizito, Monika. (Kama kibuyu kilichokatwa bado ni kibuyu, hilo tuwaachie walimu wetu wa metafizikia.) Asiye na kibuyu akunje kalenda ya mwaka jana kama wauza karanga wanavyokunja karatasi. Ndani tia karanga, ubuyu, matobolwa. Peremende za dukani si lazima.

Lipo pingamizi tunaloliheshimu: kibuyu ni chombo cha waganga, waumini watashtuka wakikiona kanisani. Ni kweli mganga anacho. Lakini kabla yake mama alikuwa nacho, kimejaa maziwa. Tukimwachia mganga kila alichokigusa tutabaki hata bila maji na chumvi, na vyote hivyo Kanisa linavibariki. Padre akivibariki vibuyu mbele ya wote, mshtuko utapungua.

Jambo moja tungependa lisipunguzwe hata kama mengine yatabadilika. Kabla watoto hawajagawana, vibuyu vya kwanza vipelekwe kwa wazee wa jumuiya ndogondogo, hasa bibi wanaoogopwa, na mtoto akabidhi mwenyewe, kwa mikono miwili, akisalimia shikamoo. Mlezi aende naye. Wakae kidogo, waombe majina ya marehemu wa nyumba hiyo ili watajwe kwenye Misa ya Novemba 2. Karanga zikiisha, kibuyu kibaki kwa bibi. Kitamfaa kuwekea chumvi.